Muulize Mwalimu: Mkasi wa jeni, matone ya laki tatu na nusu, na migomba

Shikamoo mwalimu. Niko Tabata, mwanangu ana miaka saba, ana seli mundu, mwaka huu tu tumelazwa mara tatu. Kwenye grupu la wazazi mtu katuma video inasema wazungu wamepata mkasi wa kukata jeni mbaya na mgonjwa anapona. Sasa huku mtaani kuna kaka ana kliniki, anasema ana matone ya kurekebisha DNA, teknolojia ileile, chupa laki tatu na nusu. Baba yake ashaanza kutafuta hela. Tununue? – Mama wa mmoja

Marahaba mama, na poleni sana kwa kulazwa. Msinunue. Naanza na hilo ili hata bando likikatika hapa uwe umeshapata jibu.

Ila video yenyewe haijadanganya sana. Hiyo tiba ipo, inaitwa Casgevy, Uingereza waliipitisha Novemba 2023 na Marekani wakafuata Desemba mwaka huohuo, na mgonjwa wa kwanza wa seli mundu kujaribiwa Marekani alikuwa Victoria Gray, mama wa watoto wanne kutoka Mississippi, 2019. Kwenye majaribio, wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha, 29 walikaa angalau mwaka mzima bila yale maumivu makali ya kulazwa. Sio mchezo.

Sasa nikueleze inavyofanya kazi, maana ukielewa hapa hamna mtu wa matone atakayekupata tena. DNA ya binadamu ina herufi kama bilioni tatu, na seli mundu ni herufi MOJA tu, kwenye kromosomu ya 11, ilipotakiwa A ikakaa T. Ni kama kanga iliyokosewa herufi moja kwenye jina, doti nzima inasomeka vingine. Himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) inayotoka hapo ikikosa oksijeni zinashikana zinakuwa nyuzi, chembe ya damu inajikunja kama mundu, inakwama kwenye mishipa midogo, mtoto analia usiku kucha.

Mimi nilivyosikia mara ya kwanza nikajua wanaenda kuirudisha ile T iwe A. Kumbe hata hawaigusi! Hebu kumbuka, mwanao alivyozaliwa alikuwa anaumwa? Wengi wanaanza kwenye miezi sita hivi, vidole vinavimba, bibi anasema mtoto kapatwa na jicho. Sababu ni kwamba tumboni na miezi ya mwanzo mtoto anatumia himoglobini nyingine, ya kichanga, ambayo haina hilo kosa, halafu akikua mwili unaizima na kuwasha ya kikubwa. Anayeizima ni jeni inaitwa BCL11A. Basi wanachofanya ni kukata swichi inayoiwasha BCL11A kwenye seli shina za damu, zile seli mama zinazozalisha damu, mzimaji anakosa nguvu, himoglobini ya kichanga inarudi kazini. Kosa linabaki palepale lilipo ila kuna mwenzie anabeba mzigo.

Shida sio mkasi mama, shida ni njia ya kuufikisha. Seli shina zinakaa kwenye uboho, ndani ya mifupa. Kwa hiyo wanazivuta zitoke kwenye damu, wanazichuja, wanazipeleka maabara, zinapigwa mshtuko wa umeme ili mkasi uingie, zinapimwa, hiyo peke yake inaweza kula miezi. Zikirudi, mgonjwa anapigwa kemo kali, dawa za aina ya saratani, inaitwa busulfani, kufuta uboho wa zamani ili mpya upate pa kukaa, hapo kinga inashuka chini kabisa, anakaa hospitali wiki kadhaa, na hiyo kemo inaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa baadaye. Walipoipitisha 2023 ilikuwa kwa wenye miaka 12 kwenda juu. Bei ya Marekani ni dola milioni 2.2, piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya shilingi bilioni tano, hapo bado nauli.

Sasa yule kaka muulize: matone yanapitaje tumboni? Mkasi wenyewe ni protini. Ukimeza protini tumbo linaimeng'enya kama maharage.

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri kuliko pote. Je mwanao anatumia haidroksiyurea? Kama anatumia, basi ashaanza kutembea barabara ileile ya Casgevy, maana hicho kidonge nacho kinapandisha himoglobini ya kichanga. Hakifiki mbali kama mkasi, hakiponyi, ni cha kila siku, lakini kinaelekea hukohuko. Na hatujakopi tu Ulaya, walikijaribu kwa watoto wetu wenyewe Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, matokeo yakatoka mwishoni mwa 2018: maumivu yakapungua, kuongezewa damu kukapungua, malaria ikapungua na hata vifo. Hata kile cha malaria kilinishangaza, watu walikuwa wanaogopa kwamba dawa itawaongezea. Kama hajaanzishiwa, kliniki ijayo uliza kwa jina, haidroksiyurea, na usikubali jibu la nusu. Ana vipimo vyake vya damu vya kufuatilia kwa hiyo usinunue kienyeji duka la dawa ukampa. Na tafadhali watu wa matone wana tabia ya kusema "acha dawa za hospitali zisigongane", hapo ndipo watoto wanapotuponyoka.

Kama ana ndugu wa baba mmoja mama mmoja, uliza pia kuhusu kupandikizwa uboho, Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma walianza kuwafanyia watoto wenye seli mundu 2023. Ndugu anatakiwa afanane naye tishu, kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne, na kemo ipo hukohuko pia, sikufichi.

Hukuuliza ila naongeza: kama wewe na baba yake wote ni AS, yaani mmebeba jeni moja bila kuumwa, kila mimba nafasi ya SS, yaani mtoto mwenye ugonjwa, ni asilimia 25. KILA mimba, sio "tumeshapata mmoja basi watatu wanaofuata salama". Nimesikia mpaka watu wazima na digrii zao wakisema hivyo.

Mwalimu niaje, nasoma bayoteknolojia mwaka wa pili, Jumatatu nina prizentesheni. CRISPR, TALEN, ZFN na ile ya kulenga jeni kwa panya, zinatofautianaje? Slaidi za lekchara zimenivuruga. – Msomi wa Moro

Poa. Tatizo la slaidi nyingi zinaanza na CRISPR halafu zinarudi nyuma, anza na panya utaelewa.

Miaka ya 80 Capecchi na Smithies kule Marekani waligundua kwamba ukiipa seli kipande cha DNA ambacho ncha zake zinafanana kabisa na sehemu fulani ya jenomu (DNA yake yote), mara mojamoja seli inabadilishana yenyewe, inatoa cha kwake inaweka chako. Evans kule Uingereza akawa amepata seli shina za viinitete vya panya, wakaunganisha hizo akili mbili, ndiyo wakapata panya aliyezimwa jeni moja tu uitakayo. Nobel 2007. Ila "mara mojamoja" hapo ni mara mojamoja kweli, ilibidi wabandike jeni ya kuvumilia sumu ili wamwage sumu zife zote zibaki chache zilizokubali, halafu uzichomeke kwenye kiinitete, uzalishe panya mchanganyiko, uwazalishe tena. Mwaka unaisha hivihivi.

Halafu likaja jambo ambalo kwenye prizentesheni yako ndiyo liwe moyo: 1994 maabara ya Maria Jasin ilionyesha kwenye seli za mamalia kwamba ukiikata DNA palepale unapotaka, ule ubadilishanaji unapanda mara nyingi mno. Seli ikiona DNA imekatika inapata kiwewe, inakimbilia kushona. Tangu siku hiyo mbio zote zikawa za kutafuta mkataji anayelengeka, hizi ZFN, TALEN, CRISPR ni wakataji tu bwana.

ZFN ni vidole vya zinki, kila kidole kinasoma herufi tatu hivi, unavipanga mstari unavifunga na kimeng'enya FokI kinachokata. Tabu vidole vikikaa jirani vinasumbuana, kuvitengeneza ni kazi ya fundi mzoefu. TALEN ilitoka kwa bakteria wa mimea, Xanthomonas, lugha yake ikafumbuliwa 2009, hapo kipande kimoja kinasoma herufi moja, rahisi zaidi. Lakini zote mbili kila ukibadilisha unapolenga inabidi ujenge protini mpya kuanzia mwanzo.

CRISPR, mkasi uleule wa mama wa Tabata, ikaja ikavunja hilo. Mkasi, Cas9, ni uleule siku zote, unachobadilisha ni RNA (ndugu wa DNA) ya kuuongoza, herufi kama 20, unaagiza unaletewa. Charpentier na Doudna walitoa karatasi yao 2012, mwaka uliofuata ikawa inakata kwenye seli za binadamu, Nobel 2020. Usisahau masharti yake: pembeni ya unapolenga lazima pawe na herufi za PAM, kwa Cas9 ya kawaida ni herufi yoyote halafu GG. Wanafunzi wanakariri PAM bila kujua kwa nini ipo. Ipo kwa sababu CRISPR ni kinga ya bakteria dhidi ya virusi, bakteria anatunza vipande vya DNA ya virusi vilivyomshambulia kama vile polisi wanavyotunza picha za wezi, na kwenye hiyo albamu PAM haipo, la sivyo mkasi ungekata albamu yenyewe. Mojica wa Hispania alianza kuzifuatilia hizo alama kwa vijidudu vya mashamba ya chumvi pale Santa Pola, na waliothibitisha kwamba kweli ni kinga, 2007, walikuwa watu wa kampuni ya kutengeneza bakteria wa mtindi. Chumvi na mtindi! Weka hiyo, darasa litaamka.

Kosa moja usilifanye: usiseme CRISPR "inaandika" jeni. Inakata. Anayeandika ni seli yenyewe, ama inaunganisha ncha harakaharaka ikakosea herufi mbili tatu na jeni ikafa, ama inakopi kutoka kipande ulichoipa. Ya kwanza ndiyo inatokea zaidi, ndiyo maana kuharibu jeni ni rahisi kuliko kuisahihisha, na sasa soma tena nilichomjibu mama wa Tabata uone kwa nini walichagua kukata swichi badala ya kurekebisha herufi.

Mimi ni nesi, Mombasa. Mbona yule mtoto wa Marekani, KJ, alitibiwa jeni kwa dripu tu bila kemo? Kwa nini wa seli mundu wasifanyiwe vivyo hivyo?

Swali zuri sana sista. KJ alizaliwa 2024 akiwa na upungufu wa kimeng'enya kinaitwa CPS1, ini haliwezi kuondoa amonia inayotokana na protini, na amonia inaua ubongo. Madaktari wa Philadelphia wakamtengenezea dawa yake peke yake ndani ya miezi kama sita, akapata dozi tatu kuanzia Februari 2025. Mambo mawili ni tofauti hapo. Kwanza hawakukata DNA pande zote mbili, walitumia ile njia ya kugeuza herufi moja kuwa nyingine, imetoka maabara ya David Liu 2016. Pili, na ndiyo ya muhimu, ugonjwa wake uko kwenye ini. Dawa ilifungwa kwenye vitone vidogo sana vya mafuta, na ini linapenda mafuta, ukivichoma kwenye mshipa vinaenda huko vyenyewe bila kuelekezwa. Uboho haviuendei hivyo. Watu wengi wanahangaika na vitone vinavyojua njia ya kwenda kwenye uboho, na siku vikifanya kazi vizuri kwa binadamu, kemo inaondoka, na bila kemo hata hospitali ya mkoa inaweza kufikiria. Mimi jicho langu liko hapo kuliko kwenye habari za mkasi mpya.

Wanasema migomba ya siku hizi imewekwa virusi maabara Nairobi. Sisi Kagera ndizi ndiyo chakula. Ni kweli?

Ni kinyume chake mzee wangu. Kuna migomba ambayo tangu enzi na enzi ina virusi vya michirizi vimejificha ndani ya DNA yake yenyewe, vimelala, ukame ukizidi au ukiizalisha kwenye chupa vinaamka. Leena Tripathi na wenzake wa IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo, pale Nairobi walitumia CRISPR kuviharibu hukohuko vilikolala, kwenye aina ya Gonja Manjaya, wakachapisha 2019. Wametoa, hawajaweka.

Na ya kwenu hayawahusu sana. Migomba ina DNA kutoka kwa mababu wawili wa porini, A na B, na virusi hivyo vinakaa kwenye jenomu ya B, ambayo gonja wanayo, ila ndizi zenu za kupika za nyanda za juu ni A tupu. Nyie adui wenu ni mnyauko wa bakteria, endeleeni kukata ua dume kwa kijiti chenye panda na kuchoma panga kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Kenya walitoa mwongozo wa mimea iliyohaririwa jeni 2022, wanaangalia mmea mmojammoja, kama hauna DNA ya kigeni iliyobaki unaweza kuchukuliwa kama mbegu ya kawaida.

Mwalimu, mke wangu mjamzito, mi mfupi. Naweza kumbadilisha mtoto awe mrefu? Hela ipo. – Muscat

Hapana. Urefu unaongozwa na maelfu ya sehemu za DNA, huwezi kukata zote. Na mwanasayansi wa China, He Jiankui, aliyebadilisha viinitete vya mapacha 2018 alifungwa miaka mitatu, tena yeye aligusa jeni moja tu. Hela kama ipo mlishe mama vizuri, na mtoto akizaliwa ale mayai na samaki.