Otonglo Chini ya Cherehani

Cherehani niliyorithi kwa baba ilianza kulia mwaka ule niliohamishia kazi yangu soko la Kibuye, mjini Kisumu. Kila nikikanyaga pedali, chini kunagonga: ko, ko, ko. Nikaipindua, nikafungua nati ya mguuni, na ile washa, kile kipete cha chuma kinachokaa chini ya nati, iliyoniangukia kiganjani haikuwa washa. Ilikuwa sarafu yenye tundu katikati, pana kuliko sarafu yoyote tunayotumia siku hizi, nyeusi kwa grisi ya miaka mingi. Nikaifuta kwa kipande cha kitambaa. Pembe za ndovu zikatokeza kuzunguka tundu, na mwaka: 1936. Upande wa pili jina la mfalme, EDWARDVS VIII.

Mzee anayeuza vyuma jirani na kibanda changu aliishika, akacheka. "Fundi, hii ni otonglo. Senti kumi. Baba yako alikuwa mjanja, washa ya dukani ingemgharimu zaidi."

Nimepita kituo cha Otonglo kwenye barabara ya Busia mara zisizohesabika, sikuwahi kujiuliza jina hilo maana yake nini. Siku hiyo mzee alinifundisha na nyingine: ndururu ni senti tano, thumuni ni senti hamsini. Maneno niliyokuwa nikiyasikia kwa nyanya ("huyo hana hata ndururu") ghafla yakawa na uzito wa kushikika mkononi.

Ndivyo nilivyoanza kukusanya sarafu, na kwa kuwa wateja wananiuliza kila siku kuhusu lile sanduku la biskuti lililo chini ya meza, nimeona niandike niliyojifunza. Mengi nimejifunza kwa kukosea.

Tuanze na yule Edward. Alishika ufalme wa Uingereza Januari 1936 na kuuacha Desemba mwaka huohuo, kabla hata ya kuvikwa taji. Kule kwao sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuingia sokoni. Hizi zetu zenye tundu hazikuwa na nafasi ya sura, ziliandikwa jina tu, kwa hiyo zikapigwa, zikaja, zikanunua chumvi huku kwetu. Niliposoma hayo sikulala. Nilijiona nimeketi juu ya utajiri. Asubuhi nikamweleza mzee wa vyuma, naye akaingiza mkono kwenye kopo la misumari akatoa nyingine mbili, mwaka uleule. Aliniuzia zote kwa bei ya chapati mbili na maharagwe.

Basi shika hili mapema: kisa adimu si sarafu adimu. Zilitengenezwa nyingi mno. Ukiingia kwenye kazi hii ukitafuta utajiri utachoka kabla ya mwaka kuisha. Lakini ukipenda kukaa na kitu kidogo ukijiuliza kimepita mikono ya nani, utafaidi kwa pesa za chapati.

Kosa langu kubwa la kiufundi lilikuwa usafi. Nilipata shilingi ya mkoloni, ile yenye simba na milima nyuma yake. Zilizotoka kati ya 1921 na 1946 robo yake ni madini halisi ya fedha, zilizofuata hazina madini hayo ndani. Yangu ilikuwa ya zamani, imefifia, imepata rangi ya kijivujivu. Mimi kwa akili zangu nikachukua ndimu na majivu, nikasugua kama anayeosha sufuria ya ugali. Ikang'aa! Nikaipeleka kwa mzee kwa majivuno. Akaitazama kwa muda, akanirudishia bila kucheka safari hii. "Umeichuna uso, fundi." Ile rangi iliyokomaa ndiyo wakusanyaji wanayoitaka, na mikwaruzo niliyoitia haitatoka kamwe. Sarafu chafu ioshe kwa maji na sabuni kidogo, uikaushe kwa kugusisha kitambaa, usisugue. Ukiwa na shaka, iache na uchafu wake. Ishike pembeni, kwenye ukingo, kwa sababu jasho la vidole huacha alama kwenye shaba.

Na kwa sisi wa kando ya ziwa, unyevu ni adui. Usihifadhi sarafu kwenye ile mifuko laini ya plastiki. Ikikaa na joto letu huacha ute wa kijani juu ya chuma. Mimi hutumia bahasha ndogo za karatasi, kila moja imeandikwa kwa penseli: nini, mwaka gani, nimeipata wapi, kwa nani. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe, vitie kwenye sanduku.

Anayetaka kuanza bila gharama aanze na za Kenya yenyewe. Pesa yetu ilianza 1966. Angalia sura ya Mzee Kenyatta kwenye sarafu za miaka ya kwanza: imekaa peke yake, bila maandishi ya kuizunguka. Kuanzia 1969 ndipo maneno yanapoizunguka. Jambo dogo, lakini siku utakapoliona mwenyewe kwenye kopo la shangazi yako utaruka. Kisha fuata hadi 2018, sura za marais zilipoondolewa kwa matakwa ya Katiba ya 2010, wakaingia twiga, kifaru, simba na ndovu. Hapo una historia nzima ya nchi kwenye sanduku la biskuti.

Raha nyingine, na hii ni ya mafundi cherehani peke yetu, ni makoti ya mitumba. Mfuko ukitoboka, sarafu huteremka hadi kwenye bitana, na mimi ndiye ninayefumua bitana. Nimepata peni za Uingereza na senti za Marekani. Humwonyesha mwenye koti kwanza. Karibu wote huniachia.

Sasa mipaka. Mwaka 2019 serikali ilipobadilisha noti, tulipewa hadi mwisho wa Septemba kurudisha zile za zamani za elfu moja. Nilikuwa na nne nimezificha ndani ya kitabu, mpya kabisa, nambari zimefuatana. Mama watoto akaniuliza usiku mmoja, kwa upole unaoogopesha kuliko kelele, kama ada ya shule nitailipa kwa nambari zilizofuatana. Nilipeleka tatu benki. Nilibaki na moja, na mpaka leo tukikosana hunikumbusha kwamba tuna karatasi ya elfu moja nyumbani. Ana haki. Tangu hapo kanuni yangu ni moja: nanunua kwa pesa ambayo ningenunulia soda, na kila ninachonunua anakiona. Siku utakapoanza kuficha ulichonunua, hobi imekuwa ugonjwa, jitoe mapema.

Shemeji yangu naye aliliwa. Alipigiwa simu na mtu anayenunua sarafu za shilingi arobaini, zile za mwaka 2003 zilizotolewa kuadhimisha miaka arobaini ya uhuru, eti kwa laki kadhaa kila moja. Kilichotakiwa kwanza ni "ada ya usajili". Alituma. Simu ikazimwa. Mnunuzi wa kweli hulipa, halipwi.

Lakini kisa kinachoniuma mimi si cha pesa. Kijana mmoja aliniletea otonglo iliyofungwa kwa uzi mwekundu. Nilimpa shilingi mia mbili, sikuuliza lolote, nikakata uzi nikautupa, maana kwenye sanduku langu uzi ungekaa vibaya. Wiki ya pili akaja nyanya yake, polepole, anatembelea fimbo. Hakunilaumu. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akauliza kama kuna mtu ameleta pesa ya tundu. Ilikuwa imefungwa kiunoni mwa kila mtoto aliyemzaa, akasema, na wa mwisho ndiye baba wa huyu kijana.

Nikafungua sanduku. Bahasha ilikuwa tayari, maandishi mazuri: senti kumi, 1942, Kibuye, kwa kijana. Nilimpa. Nikatafuta uzi mwekundu kwenye makopo yangu, nikamsokotea mpya, lakini wote wawili tulijua si ule. Alitaka kunilipa zile mia mbili. Nilikataa, akaniachia ndizi.

Tangu siku hiyo sinunui kitu kwa mtoto wa mtu bila kujua mwenye kitu hicho yuko wapi. Nimepoteza kadhaa nzuri kwa sababu hiyo, moja ilikuwa ya 1921, na ninaikumbuka bado, siwadanganyi. Kuna vitu ambavyo kukaa kwake kwenye sanduku lako ni kuvinyamazisha.

Ile ya Edward ya baba niliwahi kuiweka kwenye bahasha kama zile nyingine, nikanunua washa mpya ya dukani kuziba nafasi yake. Baada ya siku mbili pedali ikaanza tena: ko, ko, ko. Washa ilikuwa nyembamba mno. Nikaifungua nati, nikairudisha otonglo mahali pake, nikaipaka grisi. Bahasha yake bado iko sandukuni, tupu, imeandikwa: senti kumi, 1936, iko kazini.