Nyanya za ndoo: majani ya njano, matunda meusi kitakoni

Pole dada. Umeuliza kuhusu nyanya zako kwenye ndoo za lita 10 hapo Pasua, Moshi: unamwagilia asubuhi na jioni, unaweka mbolea ya urea kila wiki, majani ya chini njano, matunda yanaoza kitakoni. Mimi nilipoteza ndoo sita hivyohivyo.

Anza na maji. Ingiza kidole kwenye udongo. Kama bado kuna unyevu, usimwagilie. Hakikisha ndoo zina matundu chini, maana mizizi iliyozama majini haili, na jani la njano ndiyo dalili yake.

Kule kuoza kitakoni si ugonjwa. Tunda limekosa madini ya kalshamu, mara nyingi kwa sababu leo udongo umelowa chepechepe, kesho umekauka. Mwagilia kwa utaratibu, funika udongo na majani makavu. Na hiyo urea ya kila wiki acha kabisa, inazidisha tatizo. Tumia samadi iliyooza vizuri.

Geuza majani pia. Ukiona mabaka meupe na vijiviwavi ndani, hiyo ni kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya. Hapo usinunue dawa kwa kubahatisha, nyanya mnakula na watoto. Mpelekee afisa ugani wa kata jani lenyewe.