Mimi nampa Usyk

Ndugu, hoja yako kwamba bondia Mjapani Inoue ndiye namba moja duniani bila kujali uzito, kwa sababu anaangusha watu, haitoshi. Ni hatari kweli, na kukusanya mikanda yote minne mikuu ya ubingwa wa dunia katika madaraja mawili ya uzito si mchezo. Lakini Usyk wa Ukraine alitwaa mikanda yote minne uzito wa kruza (daraja la chini ya uzito wa juu) mwaka 2018, akapanda uzito wa juu, ambako hakuna kikomo cha kilo, akampiga Joshua mara mbili na Fury mara mbili. Wote wamemzidi umbo! Inoue hajawahi kubeba mzigo huo. Anayemtaja bondia Mmarekani Crawford sitabishana naye sana. Alimwangusha Spence mara tatu 2023, kisha 2025 akapanda madaraja mawili kumshinda Canelo. Mayweather, bingwa wa kizazi kilichopita, mwacheni, tunajadili kizazi hiki.