Kumwandika Mwanamke wa China ya Kale kwa Kiswahili: Anza na Wilaya na Mwaka

Riwaya ya kihistoria kuhusu wanawake wa China huanza kuharibika pale mwandishi anapoandika "hapo zamani" bila kutaja mwaka, na "China" bila kutaja wilaya. Mwanamke wa Kimanchu, kabila lililotawala China wakati huo, hakufungwa miguu mjini Beijing, yaani miguu yake haikubanwa kwa kitambaa tangu utotoni ili ibaki midogo. Mwanamke wa Kihakka, jamii ya Wachina wa jimbo la Guangdong, naye hakufungwa. Alilima na kubeba mizigo begani. Jirani yake asiye Mhakka huenda alifungwa tangu utotoni. Usipoamua mhusika wako ni nani kati ya hao, hutajua hata anavyopanda ngazi.

Tuchukue mfano mmoja: Yongming, kusini mwa jimbo la Hunan, wilaya ambayo leo inaitwa Jiangyong. Mwaka ni 1850. Wahusika wako hawaujui mwaka kwa namba hiyo. Kwao ni mwaka wa 30 wa utawala wa mfalme Daoguang, na miezi yao hufuata mwandamo. Miaka miwili baadaye majeshi ya waasi wa Taiping yanapita kusini mwa Hunan, kwa hiyo kila harusi unayoipanga ina vita vinavyoisogelea.

Umri huwakosesha wengi. Kwa hesabu ya Kichina, mtoto huzaliwa akiwa na mwaka 1, kisha kila mwaka mpya humwongezea mmoja. Binti aliyezaliwa siku mbili kabla ya mwaka mpya anahesabiwa miaka 2 kabla hajatimiza wiki. Ukisoma kwamba binti alianza kufungwa miguu akiwa na miaka 6, basi kwa hesabu yetu huenda alikuwa na miaka 4 na siku chache. Mwone huyo mtoto kwanza, ndipo uandike.

Sasa miguu yenyewe. Mara nyingi kazi ilianza majira ya baridi, kwa sababu baridi hutia ganzi, na kwa kawaida mfungaji alikuwa mama. Miguu ililowekwa kwenye maji ya moto, kucha zikakatwa karibu kabisa na nyama, kisha vidole vinne vikakunjwa chini ya wayo na kidole gumba kikaachwa. Kitambaa cha pamba, chenye upana wa kama sentimita 5 na urefu wa mita 3 hivi, kilizungushwa kikivuta vidole chini na kisigino mbele hadi uti wa wayo ukapinda kwenda juu. Shabu ilinyunyizwa ili kukausha jasho na vidonda. Kitambaa kilifunguliwa, mguu ukaoshwa, kikarudishwa kwa kukazwa zaidi. Kucha iliyosahaulika ilizama kwenye nyama, usaha ukafuata, na wapo mabinti waliokufa. Kipimo kilichosifiwa ni inchi tatu za Kichina, kama sentimita 10, lakini wengi vijijini waliishia na miguu mirefu zaidi ya hapo.

Kosa la kawaida ni kuendelea na damu na vilio katika kila sura. Maumivu makali yalikuwa ya miaka miwili ya mwanzo. Mwanamke mzima alitembea kwa visigino, hatua fupi. Alisokota pamba, alifuma nguo, alipika. Alichoshindwa ni mteremko wenye utelezi, kuchuchumaa kwa muda mrefu, na kukimbia. Majeshi yakifika, yeye ndiye anayebaki nyuma. Hapo ndipo miguu yake inapaswa kurudi katika hadithi yako. Wanawake wa Kihakka waliokuwa ndani ya jeshi la Taiping walitembea kwa miguu yao mizima, na kukutana kwa wanawake hao wawili njiani ni tukio linaloweza kubeba sura nzima.

Maneno yetu ya nyumbani yanahitaji uangalifu mkubwa kuliko yote. Ukiandika "mahari", msomaji wa pwani ataelewa mali ya bibi harusi mwenyewe, ilhali fedha ya upande wa mume ilikwenda kwa wazazi wa binti, kisha sehemu yake ikarudi naye kama masanduku, mablanketi na viatu. Ukiandika "mke mwenza", msomaji ataona wake wenye haki sawa. Kisheria mwanamume wa China alikuwa na mke mmoja tu; wengine walikuwa chini yake, na watoto wao walimwita yule mke mkuu mama. "Suria" nalo linaleta utumwa wa Zanzibar, ambao ni historia nyingine. Mimi napendelea "mke mdogo", halafu tendo lionyeshe cheo: siku anapoingia, anapiga magoti na kumpa mke mkuu chai kwa mikono miwili.

Mke hachukui ukoo wa mume. Binti wa ukoo wa Li aliyeolewa kwa akina Wang huandikwa Wang Li shi, yaani wa kwa Wang, aliyetoka kwa Li. Pia usimvalishe qipao, lile gauni la Kichina linalobana mwili. Vazi hilo ni la miaka ya 1920. Koti pana na suruali au sketi vinatosha. Akijifungua, anakaa ndani mwezi mmoja, hagusi maji baridi, anakula tangawizi na mayai. Usimpe arobaini.

Na Yongming ina hazina yake: nüshu, mwandiko wa wanawake, herufi nyembamba za kuinama, kila moja ikibeba silabi. Maandishi yake yaliimbwa, mengi kwa mistari ya silabi 7. Usijaribu kuitafsiri kwa mizani 7. Silabi ya Kichina mara nyingi ni neno zima, wakati "mama yangu aniita" tayari ni mizani 8. Tumia mizani 16, nane kwa nane, kwa kila mstari, na wimbo utapumua.

Siku ya tatu baada ya harusi, bibi harusi aliletewa kitabu cha kitambaa kilichoandikwa na mama, dada na marafiki walioapishana undugu. Kurasa za mwanzo zilijaa, zilizobaki ziliachwa tupu. Humo aliweka nyuzi na vielelezo vya darizi, au aliandika maneno yake mwenyewe. Mhusika wako akitaka kusema asichoweza kumwambia mavyaa wake, mpe kurasa hizo.