Basi la ghorofa la klabu: baa ishuke chini, paa liachwe

Mkuu, nimesoma swali lako mpaka mwisho. Klabu yenu ya magari imepata basi la ghorofa la Leyland Olympian lililostaafu, injini bado inawaka, na mnataka iwe ya kubeba wanachama kwenda kwenye maonyesho: baa na DJ ghorofani, paa likatwe nusu ya nyuma, spika kila kona. Klabu yetu inalo basi la aina hiyo hiyo na mimi ni mmoja wa waliolala chini ya chesi yake (fremu ya chuma inayobeba basi zima), kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyashika kwa mikono. Kwa kifupi: baa ishuke chini, paa msiliguse, na sherehe ianze basi likishaegeshwa.

Suala kubwa ni uzito, na hasa uzito umekaa wapi. Watu hutazama basi la ghorofa wakadhani litapinduka kwenye kona ya kwanza. Si kweli. Uingereza, ambako Olympian zilitengenezwa kuanzia 1980, kila aina ya basi la ghorofa hupimwa hivi: basi moja hujazwa uzito wa abiria juu, chini hakuna abiria, kisha linainamishwa upande mpaka nyuzi 28. Likipinduka kabla ya hapo, limefeli. Linafaulu kwa sababu injini, giaboksi, ekseli (mihimili ya magurudumu) na chesi viko karibu na ardhi, na bodi ya juu ni nyepesi. Ndiyo maana watu wakikaa kwenye siti zao ghorofani hakuna neno. Hesabu inaharibika mnapopandisha vitu ambavyo mtengenezaji hakuvifikiria. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo pipa la lita 200 peke yake ni kilo 200. Ongeza friji, kaunta ya mbao ngumu, mitambo ya DJ, halafu watu wote wasimame na kukimbilia dirisha la upande mmoja kwa sababu kuna gari kali linapita. Hilo si tena basi lile lililopimwa.

Sisi kaunta iko chini, kati ya ekseli mbili, na tangi la maji liko chini ya kaunta. Vyote vimefungwa kwa bolti mpaka kwenye vyuma vya chesi, maana plaiwudi ya sakafu haitashika kitu kizito breki zikikazwa. Juu tumeacha siti zikiangalia mbele kama zilivyokuwa, isipokuwa za nyuma kabisa tulizozigeuza zitazamane na meza. Najua makochi marefu ya pembeni yanapendeza kwenye picha. Mtu aliyekaa ubavu hana cha kumzuia dereva akishika breki, na aliyesimama juu karibu na kioo cha mbele hali yake ni mbaya zaidi. Rafu zote ziwe na ukingo, na chupa za kioo zibaki kwenye kasha mpaka mfike.

Paa sasa. Nguzo za madirisha na matao ya paa yanashikana kuwa pete, na pete hizo ndizo zinazoizuia bodi isijipinde. Mabasi yasiyo na paa yapo, tena mengi, lakini yaliongezewa vyuma pembeni na mafundi wanaojua wanachofanya. Ukikata tu, milango itaanza kugoma kufunga, vioo vitapasuka, na mvua itateremka kwa ngazi moja kwa moja hadi kwenye waya zenu. Halafu kuna matawi na nyaya za umeme za barabarani zinazopita usawa wa vichwa vya watu. Mkitaka hewa, fungueni madirisha.

Kabla ya rangi na taa, chukua bisibisi. Funua zulia la sakafuni, choma plaiwudi karibu na matao ya magurudumu, mlangoni na mguuni pa ngazi. Bisibisi ikizama bila kusukumwa, kata kipande hicho na uangalie kutu chini yake. Kisha upepo wa breki. Washa injini mpaka mitungi ya upepo ijae, zima, waambie wenzako wanyamaze, utasikia wapi kunapiga mluzi. Paka povu la sabuni kwa brashi kwenye kila kiungo cha bomba. Panapovuja patatoa vipovu vidogo vidogo. Breki ya kuegeshea ya basi hili inafungwa na springi na kufunguliwa na upepo, kwa hiyo mvujo mdogo ndio utakaowakwamisha asubuhi ya safari huku kila mtu akiangalia saa. Na vumbi la ngoma za breki usilipulize kwa kompresa: lainingi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu.

Umeme ndio unaounguza mabasi ya aina hii. Basi ni volti 24, vifaa vya muziki vya magari ni volti 12, na fundi mvivu atachomoa waya kwenye betri moja kati ya mbili. Itafanya kazi, ila betri moja itachoka huku nyingine ikichajiwa kupita kiasi, na zote zitakufa mapema. Funga kibadilisha umeme cha kushusha volti 24 hadi 12, kinachochukua kwenye betri zote. Bora zaidi, muziki na friji viwe na betri zao zilizotengwa, ili mkimaliza kucheza injini bado iwake. Fyuzi ikae karibu na betri, si kule kwenye amplifaya. Jenereta iteremshwe nje, mbali na madirisha. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, na ghorofa ya juu yenye watu waliosinzia si mahali pa kuijaribu. Weka mitungi ya kuzimia moto chini na juu, na dirisha la dharura la ghorofani lisizibwe na spika hata siku moja.

Spika za besi ziweke chini pia. Jiandae: besi itatikisa kila ribiti na kila raba ya dirisha, na kazi ya kutafuta kinachogonga itakula muda kuliko kufunga mfumo wenyewe.

Vitu viwili msing'oe. Kimoja ni kioo cha periskopu kinachomwezesha dereva kuona ghorofa ya juu. Mtu akisimama, dereva anapunguza mwendo mpaka akae. Kingine ni kengele. Makonda wa Uingereza waliigonga mara moja kwa simama, mbili kwa ondoka, tatu kwa tumejaa, nne kwa dharura. Chagueni mtu mmoja asiyekunywa awe konda, naye ndiye pekee wa kuigusa.

Urefu wa kwenda juu ni kama mita 4.4, zile fupi kama 4.2. Pima mwenyewe mkishafunga taa za paa na springi za upepo zikiwa zimejaa, kisha andika namba hiyo mbele ya macho ya dereva. Leseni ya dereva, idadi ya siti kwenye kadi ya gari na bima viulizwe kabla hamjang'oa siti ya kwanza. Bima wajulishe kwa maandishi kwamba kuna baa na muziki.

Kwenye msafara basi litangulie, maana ndilo la polepole kuliko yote. Wenye magari ya mbio watalalamika. Waambie watangulie wakatafute maegesho yasiyo na matawi.

Kuhusu choo ulichouliza, tumia cha kubebeka chenye dawa, kikae chini nyuma ya ngazi. Ukipata nafasi weka hapa picha za chini ya bodi, hasa sehemu ya ekseli ya nyuma, na ile bati ya mtengenezaji yenye aina ya injini. Kama ni Gardner, nina maswali kadhaa kuhusu mfumo wa kupoza.