Tieguanyin ya kijani na iliyochomwa: ipi ndiyo halisi?

Swali: Nimenunua pakiti mbili za chai ya oolong (ile iliyo kati ya chai ya kijani na chai nyeusi), zote zimeandikwa Tieguanyin. Moja ina majani ya kijani yanayonukia maua. Nyingine ni ya hudhurungi na inanukia njugu za kukaangwa. Je, mojawapo ni bandia?

Jibu: Si lazima, kwa sababu tofauti hiyo hutokana zaidi na kazi inayofanywa baada ya majani kuchumwa. Huko Anxi, katika mkoa wa Fujian nchini China, huchumwa majani yaliyokwisha kufunguka na kukomaa kiasi, wala si machipukizi machanga. Huanikwa juani kwa muda mfupi, kisha huzungushwa ndani ya pipa la mianzi, hupumzishwa na kuzungushwa tena, mara kadhaa hadi usiku wa manane. Kingo za majani huchubuka, vimeng'enya vikakutana na hewa, na ukingo ukawa mwekundu ilhali katikati pamebaki kijani. Msimamizi huongozwa na pua yake kuliko saa. Harufu ikishamridhisha, majani hutiwa kwenye joto kali ili mabadiliko yakome, kisha hufungwa katika kitambaa na kuviringishwa hadi yawe vidonge. Chai nyeusi ya Kericho au Mufindi, kwa kulinganisha, huachwa igeuke yote.

Mtindo wa zamani huzungusha majani kwa muda mrefu na kumalizia kwa kuyachoma taratibu kwa moto wa makaa. Ule wa kijani ulienea katika miaka ya 1990 kwa kufuata mbinu za Taiwan, na chai yake hupoteza harufu upesi isipohifadhiwa kwenye baridi. Kwa hiyo, ukitafuta urithi, chukua ile ya hudhurungi. Nami naiona ina ladha nzito na inayodumu zaidi kinywani. Ufundi wa Tieguanyin ni miongoni mwa zile mbinu za Kichina za kutengeneza chai ambazo UNESCO iliziorodhesha kama urithi wa utamaduni mwaka 2022.

Udanganyifu ulio wa kawaida zaidi ni kuuza majani ya aina nyingine za michai ya Anxi, hasa Benshan, kwa jina la Tieguanyin. Ili kuitambua, weka gramu 7 za chai katika bakuli la mililita 110 lenye kifuniko, mimina maji yanayochemka, na baada ya kunywa mara kadhaa likunjue jani: la Tieguanyin ni nene, lina mawimbi ukingoni, na ncha yake huelekea upande mmoja.