Kutorokea Gretna Green mwaka 1812: siku moja haitoshi

Ndugu, uliuliza kama mwana wa kabaila wa miaka 19 katika riwaya yako anaweza kutoka London kwa farasi wake na kufunga ndoa Gretna Green, kijiji cha Uskoti karibu na mpaka wa Uingereza, siku hiyohiyo. Hawezi. Ni kama kilomita 500, na farasi mmoja atakufa njiani. Mpe gari dogo la kukodi, farasi wawili wanaobadilishwa kwenye nyumba za wageni kila kilomita 15 hadi 25, safari ya siku mbili au tatu usiku na mchana. Dereva hakai mbele ya gari: hupanda farasi wa kushoto. Waandishi wengi hukosea hapo.

Sababu ya kukimbia ni sahihi kabisa. Kwa sheria ya Uingereza ya 1753, aliye chini ya miaka 21 baba angeweza kumzuia kuoa. Uskoti ilitosha wawili kutamka kuwa ni mume na mke mbele ya mashahidi wawili.

Kinachomwangusha ni fedha. Kukodi gari na farasi kulipita shilingi moja kwa maili, bado ushuru wa barabara na bakshishi. Kijana aliyezoea kulipiwa na watumishi hana sarafu mfukoni. Mkwamishe kwenye kizuizi cha kwanza cha ushuru, usiku, mlinzi amenyoosha mkono.